Rea ya vitanda 6, kila mashine na mlio wake: tuzipange namna gani?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Jambo yenu wote. Swali ni kwa mafundi wa vifaa tiba na wauguzi wa rea, chumba cha wagonjwa mahututi.

Chumba kina vitanda 6. Kila kitanda kina monita moja na pampu za sindano mbili au tatu. Vitanda viwili vina ventileta (mashine ya kupumulia), vilivyobaki vinatumia konsentreta za oksijeni (mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani). Monita ni za aina tatu: mbili za msaada zilizokwisha kutumika Ulaya, nyingine mpya kutoka China. Usiku muuguzi mmoja anaangalia wagonjwa watatu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika, kabla jenereta haijashika, chumba kizima kinalia kwa wakati mmoja na hakuna anayejua aanzie wapi.

Uongozi unataka kununua skrini ya kati, ile inayoonyesha vitanda vyote kwenye meza ya wauguzi. Tuanze na hiyo, au tuanze na kengele zenyewe? Na je, inawezekana vifaa vya makampuni tofauti vilie kwa mtindo mmoja?

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Papa Fundi, skrini ya kati isubiri. Ukiunganisha kelele ambayo haijapangwa, utaisikia mara mbili: kitandani na kwenye meza ya wauguzi.

Anza na daftari. Kwa kila kifaa andika: aina, mwaka, toleo la programu, lugha ya menyu (monita iliyobaki na Kijerumani ni hatari, watu wanabonyeza kwa kukisia), mtindo wa mlio uliowekwa, tundu la mwito wa muuguzi (linalopeleka ishara nje kifaa kikilia) kama lipo, tundu la mtandao au RS-232 (tundu la zamani la data), na betri inashika dakika ngapi ukichomoa waya. Dakika hizo zipime mwenyewe, usichukue za kitabu.

Sasa mtindo. Kanuni ya kimataifa ni IEC 60601-1-8, ya 2006, iliyorekebishwa 2012 na 2020. Inagawa kengele madaraja matatu. Daraja la juu ni mipigo 10: pi-pi-pi, pi-pi, halafu tena pi-pi-pi, pi-pi, na taa nyekundu inayopepesa mara 1.4 hadi 2.8 kwa sekunde. Daraja la kati ni mipigo 3, na taa ya manjano inayopepesa polepole, mara 0.4 hadi 0.8 kwa sekunde. Daraja la chini ni mpigo 1 au 2, au bila sauti kabisa, na taa ya manjano au ya samawati isiyopepesa. Muuguzi anayejua hayo anaweza kusikia ventileta ambayo hajawahi kuigusa na akajua kama atembee au akimbie.

Kanuni hiyo inataka pia mpigo wenye msingi kati ya Hz 150 na 1,000, na harmoniki (noti za juu zinazoandamana na msingi) zisizopungua nne kati ya Hz 300 na 4,000. Sababu ni hii: filimbi ya noti moja tupu ni ngumu kujua inatoka kona gani, na kifaa kingine chenye noti iliyo karibu kinaimeza. Mlio wenye harmoniki nyingi hata ukifunikwa upande mmoja, upande mwingine unasikika.

Kwa vifaa vilivyotengenezwa baada ya 2006, tafuta kwenye menyu ya fundi, ile yenye namba ya siri, chaguo la mlio liitwalo ISO au IEC. Liweke kwenye vyote. Vifaa vya zamani visivyo na chaguo hilo usivifungue kubadilisha spika: kifaa kinajijaribu spika kikiwashwa, na spika yenye ukinzani tofauti inavuruga jaribio hilo na inabadilisha ukubwa wa sauti. Vihamishie wodi nyingine, au viweke vyote upande mmoja wa chumba ili mlio wa kigeni uwe na mahali pake panapojulikana.

Jambo moja la pembeni. Toleo la 2006 liliweka pia nyimbo fupi, moja kwa moyo, nyingine kwa pumzi, nyingine kwa dawa, na kadhalika. Wauguzi wengi sehemu mbalimbali walishindwa kuzitofautisha, na marekebisho ya 2020 yakaleta milio inayofanana na jambo lenyewe: mapigo ya moyo, mtu akivuta pumzi, kopo la vidonge likitikiswa, birika likipiga filimbi kwa ajili ya joto. Vifaa vyenye milio hiyo bado ni vichache. Menyu ikikupa zile nyimbo za zamani, ziache. Chukua mipigo ya kawaida.

MamaNdosho (Goma)

Mimi niko upande wa uuguzi, neonato (watoto wachanga) na rea. Papa Ruashi amesema kweli kuhusu mlio, ila kabla ya mlio kuna sababu ya mlio. Kengele nyingi za rea hazihitaji mtu afanye kitu chochote, na hizo ndizo zinazochosha masikio mpaka ile ya kweli inapita. Marekani, shirika la Joint Commission lilitoa onyo Aprili 2013: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 lilipokea taarifa 98 za matukio ya kengele, na 80 zilimalizika kwa kifo. Huko vifaa si haba. Kilichokosekana ni utaratibu.

Haya yanapunguza kengele bila kununua kitu.

Elektrodi za ECG, vibandiko vya kusoma umeme wa moyo, zibadilishwe kila siku. Kabla ya kubandika, osha ngozi kwa sabuni na maji, kausha vizuri, nyoa nywele zikiwapo. Spiriti inakausha ngozi na alama ya umeme inakuwa mbaya zaidi. Chagua lidi (upande wa kusoma moyo) ambayo wimbi la R, ule mchomo mkubwa wa kila pigo, ni refu. R ikiwa fupi monita inadhani moyo umesimama na inapiga daraja la juu bure.

Kidole cha oksimeta (kipimo cha oksijeni ya damu) na mkanda wa presha visiwe mkono mmoja. Mkanda ukijaa hewa damu haifiki kidoleni, na kila presha inapopimwa utapata kengele ya SpO2, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu. Presha ikipimwa kila dakika 15, ni kengele 4 kwa saa kwa kitanda kimoja, zote za uongo. Hili nalikuta karibu kila wodi.

Vikomo viwe vya mgonjwa, visiwe vya kiwandani. Mtu mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambaye dokta amemlengea 88 hadi 92, ukimwachia kikomo cha chini cha 90, monita italia usiku kucha.

Kwa watoto njiti walio kwenye oksijeni, kikomo cha juu ni muhimu sawa na cha chini, kwa sababu oksijeni nyingi inaharibu macho. Miongozo ya Ulaya inalenga 90 hadi 94, kengele 89 na 95. Lakini mtoto akishaondolewa oksijeni na kupumua hewa ya chumba, kikomo cha juu kizimwe. Mtoto mwenye 98 akipumua hewa ya kawaida hana tatizo, ila monita yake inalia kwa sababu hakuna aliyegusa menyu baada ya kutoa kanula.

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana Mama. Hilo la mkono mmoja limo kwetu pia, kesho asubuhi linabadilishwa. Na ucheleweshaji wa mlio je? Naona kwenye menyu sekunde 0, 5, 10, 15.

MamaNdosho (Goma)

Kwa SpO2 peke yake, sekunde 10 hadi 15 zinaondoa kengele nyingi za mgonjwa aliyejigeuza au kukohoa. Lakini jumlisha. Oksimeta yenyewe inakupa wastani wa sekunde kadhaa zilizopita, mara nyingi 8 au 16. Wastani wa 16 na uchelewesho wa 15 ni karibu nusu dakika kabla ya mlio wa kwanza, bado hujaweka mtandao. Ukichukua uchelewesho wa 15, rudisha wastani kwenye 8. Kwa njiti usiende huko bila dokta wa watoto kukubali, wanashuka haraka.

Moyo kusimama, pumzi kukatika, mrija wa ventileta kuchomoka: sekunde ya ziada hata moja usiweke.

Dokta_Katindo (Goma)

Naongeza mambo mawili ya ganzi na pumzi ambayo mafundi wanaweza kuyapita.

La kwanza ni kimo. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500. Shinikizo la hewa hapa ni kama hPa 845, wakati pwani ni 1,013. Seli ya oksijeni ya ventileta inapima shinikizo la oksijeni, haihesabu asilimia. Iliyokalibrishwa (kipimo chake kuwekwa sawa) kwenye usawa wa bahari, hapa itasoma hewa ya kawaida kama 17.5% badala ya 21, na itapiga kengele ya oksijeni ndogo kwa mgonjwa anayepata alichoagiziwa. Lubumbashi, karibu mita 1,200, itasoma kama 18. Watu wanaona kengele haina maana, wanaizima, na siku silinda imeisha kweli hakuna kinacholia. Dawa yake ni kukalibrisha kifaa papo hapo kilipo na kuingiza kimo kwenye menyu kama nafasi ipo. Seli ikishindwa kukalibrika, imekufa, agiza nyingine.

La pili ni mrija kuchomoka. Msitegemee kengele ya shinikizo la chini peke yake. Ncha ya mrija ikiangukia mto au shuka, inapata kizuizi, shinikizo linabaki juu ya kikomo, ventileta inaona kila kitu sawa. Wekeni na kikomo cha ujazo wa dakika (hewa yote anayopumua kwa dakika moja), kama robo chini ya kile mgonjwa anachopata, na kapnografia (kipimo cha CO2 anayoitoa) kama ipo. Kikomo cha shinikizo la chini kiwe cmH2O chache tu chini ya kilele cha mgonjwa. Wengi wanakiacha kwenye 5 tangu siku kifaa kilipofunguliwa.

Na swali kwa Papa Ruashi: wauguzi wetu wanapunguza sauti usiku ili wagonjwa walale. WHO, kwenye miongozo yake ya 1999, inataka wastani wa dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 usiku wodini. Kwangu kupunguza ni sahihi. Unasemaje?

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Dokta, kwa heshima, hapo sikubali moja kwa moja. DB 30 haifikiwi ndani ya rea yenye konsentreta nne zinazonguruma. Na Bukavu mvua ikigonga mabati, monita iliyopunguzwa hadi 2 kati ya 10 haisikiki hata na aliyesimama pembeni ya kitanda. Mgonjwa alale kwa kupunguza idadi ya kengele, kama Mama alivyoeleza. Sauti ya zilizobaki iachwe.

Fanyeni hivi. Simameni pale muuguzi anapokaa usiku, mlango ukiwa kama kawaida yake, jenereta ikiwa inafanya kazi. Mlio wa daraja la juu uwe dB 10 hadi 15 juu ya kelele ya chumba. Programu ya simu inatosha kulinganisha, mradi simu iwe ileile na mahali palepale. Ukishapata namba, funga kiwango cha chini kabisa kwenye menyu ya fundi ili mtu asiweze kushuka chini yake. Monita nyingi zinaruhusu.

Kinachoweza kuzimwa bila hofu ni bip ya kila pigo la moyo kwenye vitanda vyote 6. Ile si kengele, ni habari. Inafaa chumba cha upasuaji, ambapo noti inashuka SpO2 ikishuka na mtu wa ganzi anaisikiliza bila kutazama skrini. Kwenye rea, bip sita zinazopishana zinafunika milio yenye maana.

Tofautisheni pia kusitisha na kuzima. Kwenye skrini, alama ya kengele yenye msalaba wa nukta nukta imesitishwa, mara nyingi sekunde 120, itarudi yenyewe. Yenye msalaba wa mstari mzima imezimwa na hairudi. Zimeni uwezo wa kuzima kabisa kwenye menyu, acheni kusitisha tu.

Dokta_Katindo (Goma)

Nakubali kuhusu kiwango cha chini kufungwa. Mvua sikuwa nimeiweka kwenye hesabu, na Goma ni hivyohivyo. Ila bip ya kitanda cha mgonjwa anayetoka tu upasuaji ibaki kwa saa za kwanza.

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Sawa Dokta, kitanda kimoja hakiharibu.

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Pampu za sindano je? Ndizo zinazolia zaidi, na zote zina tundu la mwito wa muuguzi nyuma. Nilifikiria kuvuta waya hadi taa juu ya mlango.

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Wazo la taa ni zuri, na ni rahisi kuliko mtandao. Lakini pampu kwanza zipangwe.

Kengele ya "inakaribia kuisha" iwekwe dakika zinazolingana na muda wa kuandaa sindano nyingine. Kwa adrenalini, dakika 10 au 15. Kwa maji ya kawaida, 3 zinatosha. Nyingi zimewekwa namba moja kwa dawa zote, hivyo adrenalini inaisha muuguzi bado anavunja ampuli.

Kengele ya kuziba inategemea kasi, ukubwa wa sindano na kikomo cha shinikizo. Sindano ya ml 50 kwa kasi ya ml 1 kwa saa na kikomo cha juu kabisa, mrija ukibanwa, pampu inaweza kukaa zaidi ya saa nzima kabla ya kulia. Mgonjwa wakati huo hapati kitu. Dawa za kupandisha presha zinazoenda polepole zitumie sindano ya ml 20 na kikomo cha chini kabisa kisicholeta kengele za uongo. Na kengele ya kuziba ikilia, msifungue tu bano: shinikizo lililojaa kwenye mrija litasukuma dozi nzima kwa mara moja. Funga upande wa mgonjwa, punguza shinikizo, ndipo uendelee.

Sasa waya. Tundu la mwito ni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyotengwa na umeme wa mgonjwa, ibaki hivyo. Mzunguko wa taa upe volti 24 za DC kutoka chanzo chake chenye betri, usiguse 220 hapo. Mkondo wa relei soma kwenye kitabu cha kifaa. Kwa kawaida ni mdogo, kwa hiyo pampu iendeshe relei ya pili na hiyo ndiyo iwashe taa.

Tumia mguso uliofungwa wakati wa usalama, unaofunguka kengele ikilia. Waya ukikatika au ukichomolewa wakati wa kupiga deki, mzunguko unafunguka na taa inawaka, mtu anakuja kuangalia. Ukitumia mguso ulio wazi, waya uliokatika unafanana na mgonjwa asiye na tatizo. Kabla ya kufunga, pima kila kifaa kwa multimita katika hali tatu: kimezimwa, kimewashwa na kimetulia, kimewashwa na kinalia. Usiamini mchoro wa nyuma, nimeona miguso iliyogeuzwa kwenye menyu.

Kwenye menyu hiyohiyo chagua ishara ya mfululizo, isiwe ya sekunde moja, na chagua daraja la juu na la kati tu ndiyo zipite. Taa moja kwa kitanda, juu ya kitanda na nyingine mlangoni. Ukiunganisha vitanda 6 kwenye taa moja, muuguzi ataanza kutafuta.

MamaNdosho (Goma)

Na umeme ukikatika? Hapo ndipo swali la kwanza la Papa Fundi lilipo.

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Ndiyo Mama, hapo ndipo tunapoumia.

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Kifaa chenye betri nzima umeme ukikatika kitoe daraja la chini tu, kwa kuwa mgonjwa bado anahudumiwa. Kikitoa zaidi ya hapo, mara nyingi betri imechoka. Betri za risasi za monita za msaada zinavimba. Ikishindwa kushika dakika 30, ibadilishe. UPS (betri ya akiba) ndogo moja kwa vitanda viwili, kwa ajili ya monita, pampu na ventileta peke yake, inavuka pengo la jenereta na chumba kinabaki kimya.

Konsentreta usiiweke kwenye UPS hiyo, mota yake inaimaliza. Yenyewe haina umeme wa akiba wa kutoa oksijeni, kwa hiyo kulia kwake ni kwa haki na ni lazima kusikike. Aina nyingi za zamani zinatumia betri ya volti 9 kwa kengele hiyo, na betri hiyo imeshakufa bila mtu kujua. Chomoa waya ikiwa inafanya kazi: isipolia, badilisha betri leo. Baada ya umeme kurudi ipe dakika kadhaa. Kengele ya usafi wa oksijeni, ambayo lazima iwepo chini ya 82%, inaweza kuwaka mpaka itulie. Silinda yenye mrija tayari iwe karibu na vitanda hivyo.

Kwa hiyo umeme ukikatika, mlio unaobaki chumbani ni wa konsentreta, na muuguzi anaenda huko moja kwa moja.

Dokta_Katindo (Goma)

Hilo nimelipenda. Sasa turudi kwa skrini ya kati, uongozi wa Papa Fundi unasubiri jibu.

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Skrini ya kampuni moja itaona monita za kampuni hiyo. Kwa mchanganyiko, uliza muuzaji maswali haya kwa maandishi.

Kifaa kinatuma kengele kwa lugha gani? Njia iliyozoeleka ni ujumbe wa HL7 (lugha ya kompyuta za hospitali) kwa mfumo wa IHE, kanuni za kuunganisha vifaa, uitwao ACM, ambapo kengele inasafiri kama ujumbe ORU^R40. Vifaa vipya vinaweza kuwa na SDC, lugha ya vifaa kuzungumza vyenyewe, ya familia ya IEEE 11073, ambayo inaruhusu hata kifaa kimoja kunyamaza kwa sababu kingine kimeshalia. Monita za zamani zina RS-232 tu. Zitahitaji kisanduku cha kutafsiri, na kila kisanduku ni kitu kingine cha kuharibika.

Uthibitisho wa kupokea unatoka kwa nani? Jibu la HL7 linasema kompyuta imepokea. Halisemi kwamba mtu amesikia. Mfumo usiothibitisha kufika unapaswa kuandikwa wazi kwamba hautegemewi, na mlio wa kitandani lazima ubaki. Muuzaji akikuambia unyamazishe vitanda ili skrini ilie peke yake, kataa.

Mtandao ukikufa, nini kinatokea? Kitanda kilichopotea kionekane na kulia kwenye skrini ndani ya sekunde chache. Swichi ya mtandao iwe kwenye UPS, mtandao uwe wa waya, wa peke yake, usichanganywe na intaneti ya ofisi. Saa za vifaa vyote zifuate seva moja ya NTP (inayolinganisha saa) ndani ya hospitali, la sivyo ukitaka kujua kipi kililia kwanza huwezi.

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Nimeelewa. Nitaanza na daftari, elektrodi na mikanda, halafu vikomo pamoja na dokta, kisha mitindo ya mlio, betri, na taa za 24 V. Skrini baadaye. Jaribio tulifanyeje bila kumgusa mgonjwa?

Ruashi_Biomed (Lubumbashi)

Kwenye kitanda kitupu. Kidole chako kwenye oksimeta, pandisha kikomo cha chini juu ya namba unayosoma: daraja gani limelia, taa ya rangi gani, baada ya sekunde ngapi kitandani na ngapi mlangoni. Ventileta na pafu la majaribio: chomoa mrija, halafu rudia ncha ikiwa imelalia mto. Pampu na maji tupu: bana mrija, pima dakika hadi mlio. Chomoa waya wa taa. Chomoa umeme. Mwisho, liza vitanda viwili pamoja, muuguzi asiyejua umeliza vitanda gani akiwa kwenye kiti chake, akuonyeshe kwa mkono ni vipi viwili. Akikosa, badilisha mahali pa kifaa au kiwango cha sauti, urudie. Andika tarehe, rudia kila miezi 3 na kila kifaa kipya kinapoingia.

MamaNdosho (Goma)

Jaribio la mwisho lifanyike usiku, na zamu ya usiku yenyewe. Mchana chumba kina watu wengi na majibu yatakuwa mazuri kuliko hali ilivyo. Na baada ya kila jaribio rudisheni vikomo mahali pake kabla kitanda hakijapata mgonjwa, mtu wa pili akisoma namba kwa sauti.